Wembe huu si ule ule

Ndugu msomaji, mazungumzo haya yalikwenda hewani juma lililopita, na kama ilivyo ada yanachapwa hapa kwa faida ya wale waliokuwa njiani, waliokuwa kazini, au ambao umeme uliwakimbia saa ile ile.

Wasikilizaji wawili, mmoja wa Ngaramtoni na mwingine wa Usa River, wameniuliza swali moja kana kwamba walikaa kikao. Wanataka kujua hivi: katika hizi nyembe za makali mawili zinazouzwa kwenye kila duka, ni upi ulio bora kwa mtu anayenyoa ndevu zake kwa maji na sabuni? Tena je, nyembe hizi bado zinafaa, au zimepitwa na wakati kwa kuwa siku hizi kuna zile za mpini wa plastiki zenye makali matatu, manne, mpaka matano?

Swali ni dogo kwa umbo. Lakini mtu akitaka kulijibu kwa haki, atajikuta anasimulia historia ndefu. Kwetu huku Arusha na kwenye miteremko ya Mlima Meru, wembe umeingia kwenye jando na kwenye msiba, umeingia kwenye kitovu cha mtoto mchanga na kwenye penseli ya mwanafunzi, na kwa bahati mbaya umeingia pia kwenye maradhi na kwenye makosa ya jinai. Kwa hiyo leo nitaanzia mbali kidogo. Mnivumilie, jibu nitalifikia.

Makali hayakuanza na chuma. Karibu na Ziwa Eyasi, katika pango la Mumba, wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua vipande vya jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, jiwe lizaliwalo na volkano. Walipolipima walikuta kwamba baadhi ya vipande hivyo asili yake ni Bonde la Ufa la katikati ya Kenya, upande wa Naivasha, umbali wa zaidi ya kilomita 200. Watu wa kale hawakubeba mawe umbali huo kwa mchezo. Jiwe lile likipasuliwa hutoa ukingo mkali kupindukia, nao walijua thamani ya makali kama tunavyoijua sisi.

Chuma kilipokuja, kazi ilihamia kwa wahunzi. Katika jamii za Kimaa wahunzi ni Ilkunono, watu waliohitajiwa na kila mtu lakini waliokaa pembeni, maana wengine hawakukubali kuoana nao. Hao ndio waliofua mikuki na sime, na ndio waliofua kile kisu kidogo cha kunyolea kiitwacho olmurunya. Kisu hicho hakikuwa cha kutupa. Kilinolewa, kikatunzwa, kikatumika kwa miaka na miaka.

Ni muhimu kuelewa kwamba katika mila hizo kunyoa si usafi tu, bali ni tangazo. Mtoto akipewa jina, nywele hunyolewa. Kijana akienda jandoni, hunyolewa. Morani aliyefuga nywele ndefu na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu, siku ya sherehe ya eunoto huketi chini na mama yake mzazi akamnyoa, nywele zikiwa zimelowanishwa kwa maji yaliyotiwa maziwa. Si ajabu kumwona kijana shupavu, aliyekuwa akijigamba jana, akibubujikwa na machozi nywele zinapodondoka, kwani anajua ujana wake unadondoka nazo. Na makabila mengi ya nchi hii, pwani na bara, yananyoa nywele mwisho wa msiba ili kuonyesha kwamba maisha yanaanza upya.

Nanyi angalieni hilo jambo la maji. Wahenga wa Kiswahili walisema: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Sisi tunaitumia methali hii kumwonya mtu ajifunze kutokana na yaliyompata jirani. Lakini kabla ya kuwa onyo ilikuwa maelezo ya ufundi wa kinyozi: nywele kavu huumiza, nywele zilizolowa hukatika kwa urahisi. Nitalirudia jambo hili huko mbele, kwa sababu wataalamu wa maabara nao wamelifikia, wakiwa wamechelewa kidogo.

Sasa twende Marekani. Mwaka 1895 mchuuzi mmoja aitwaye King Camp Gillette, aliyekuwa akiuza vizibo vya chupa, alipata wazo. Kizibo ni kitu cha ajabu: mtu hukinunua, hukitumia mara moja, hukitupa, kisha hununua kingine. Gillette akajiuliza kwa nini wembe usiwe hivyo hivyo. Enzi zile wanaume wa Ulaya na Marekani walinyoa kwa wembe mrefu wa kukunja, ulionolewa kwa mkanda wa ngozi kila asubuhi. Ulikuwa mzuri, lakini ulitaka mkono uliotulia, na ukiteleza shingoni hauna msamaha.

Gillette alitaka kipande chembamba cha chuma, chenye makali pande mbili, kibanwe katikati ya kishikio kiasi kwamba ukingo tu ndio ugusao ngozi. Mafundi wengi walimwambia haiwezekani, kwamba bati jembamba namna ile haliwezi kushika makali. Aliyeiweza kazi hiyo alikuwa mhandisi William Nickerson. Kampuni iliundwa Boston mwaka 1901, na mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa mauzo, waliuza vishikio 51 tu na nyembe 168. Mwaka uliofuata, 1904, mwaka ambao Gillette alipewa hataza yake, vishikio vilivyouzwa vilikuwa vimepita 90,000.

Kuna hadithi inayopendwa na walimu wa biashara kwamba Gillette aligawa kishikio bure ili apate faida kwenye nyembe. Ukweli una sura nyingine. Mwanzoni kishikio chake kiliuzwa dola 5, fedha nyingi kwa mfanyakazi wa wakati ule. Bei ilishuka hasa baada ya hataza kwisha mwaka 1921, wapinzani walipoingia sokoni. Aliyeisukuma zaidi biashara hii alikuwa vita. Mwaka 1918 jeshi la Marekani liliagiza vishikio milioni 3.5 na nyembe milioni 32 kwa ajili ya askari waliokuwa wakienda Ulaya. Vita ilipokwisha, mamilioni ya vijana walirudi makwao wakiwa wamezoea kujinyoa wenyewe kila siku.

Hatua kubwa iliyofuata ilitoka Uingereza. Nyembe za mwanzo zilikuwa za chuma cha kaboni. Zilikuwa kali sana, lakini ukizisahau zikiwa na maji, asubuhi unakuta kutu. Mwaka 1962 kampuni ya Wilkinson Sword, ambayo zamani ilijulikana kwa kufua panga za maofisa wa jeshi, ilileta wembe wa makali mawili wa chuma kisichoshika kutu, wenye utando mwembamba sana ukingoni. Wembe mmoja uliweza kunyoa mara nyingi bila kuuma. Gillette mwenyewe, mkubwa wa wote, alishikwa akiwa amelala, akalazimika kufuata nyayo.

Je, huku kwetu? Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na Arusha mwaka 1929. Bidhaa ndogo ndogo za viwandani, sindano, viberiti, nyembe za kufungwa kwenye karatasi, zilipata njia nyepesi ya kufika kwenye maduka ya mjini na kutoka huko kwenda kwenye magulio ya mlimani. Na hapa, ndugu msomaji, ndipo historia ya wembe wetu inapoachana na ile ya Boston.

Kule Boston wembe ulikuwa nusu ya kitu, kwani nusu ya pili ni kishikio. Kwetu ulifika peke yake. Kishikio kilikuwa cha karani, cha mwalimu, cha padri na cha mwenye duka. Mtu wa kawaida alinunua wembe mtupu, akaushika kwa vidole viwili au akaubana kwenye kijiti kilichopasuliwa, kazi ikaendelea. Kifaa kilichobuniwa ili kisimkate mtu, kikawa hapa ndicho kitu kikali kuliko vyote nyumbani, tena cha bei ya chini kuliko vyote.

Na kwa kuwa hakikufungwa kwenye kishikio, hakikufungwa kwenye ndevu. Fundi cherehani alifumulia mshono. Mwanafunzi alichongea penseli. Mama alikatia kucha za mtoto. Mganga alichanjia chale. Mkunga alikatia kitovu. Ngariba aliweka kando olmurunya yake akaanza kutumia wembe wa dukani. Hata sisi wa redio tuna deni kwa wembe. Nilipoanza kazi hii nikiwa na stashahada yangu mpya mkononi, niliwakuta wazee waliohariri vipindi kwa mikono yao: utepe wa sauti uliwekwa kwenye kijifereji cha chuma, ukatiwa alama kwa penseli ya nta, ukakatwa mshazari kwa wembe wa makali mawili, kisha vipande vikaunganishwa kwa gundi ya utepe. Hotuba nyingi mlizozisikia miaka ile, pumzi na kikohozi cha msemaji vilibaki sakafuni vikiwa vipande vya utepe.

Kwa hiyo tusiseme wembe wetu ni uigaji wa wembe wa wengine. Chuma ni kile kile, lakini maisha yake hapa ni mengine. Na shida zake hapa ni nyingine pia.

Shida ya kwanza ilikuwa uhaba. Gillette alibuni kitu cha kutupwa. Lakini kitu hutupwa pale tu kingine kinapopatikana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na Arusha, mji uliozoea kupata mahitaji kupitia Namanga, ukajikuta umepewa mgongo. Ikaja vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikakauka. Wasomaji wenye umri wanakumbuka foleni za RTC na za maduka ya ushirika: sabuni hakuna, sukari hakuna, dawa ya meno hakuna, betri za redio hakuna, wembe hakuna. Vilivyopatikana vilipita porini usiku kwa magendo, na bei yake ilijulikana na muuzaji peke yake.

Mwaka 1983 serikali ilianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, Waziri Mkuu Edward Sokoine, mwana wa Monduli, akiwa mstari wa mbele. Novemba mwaka huo huo, hapa hapa Arusha, marais wa nchi tatu walikubaliana kumaliza ugomvi wa mali za Jumuiya, na mpaka ukafunguliwa. Kisha ikaja ruhusa ya watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na baadaye enzi ya Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, maduka yakaanza kujaa tena.

Mimi nilikuwa mtoto mdogo miaka hiyo. Ninachokikumbuka ni wembe mmoja uliokunjwa kwenye karatasi yake na kuchomekwa juu kwenye boriti, mahali ambapo mikono ya watoto haifiki. Wembe huo ulikuwa wa nyumba nzima. Baba na wajomba walinyolea, mama alikatia uzi, na ukiwa butu kabisa ndipo tuliporithi sisi kwa ajili ya penseli. Wanaume walijua mbinu ya kuunoa kwa kuusugua ndani ya bilauri ya kioo, upande huu na upande ule, ili uvute wiki moja zaidi. Jirani naye akija kuazima, angenyimwaje? Kumnyima mtu wembe ilikuwa roho mbaya. Ndivyo kushirikiana wembe kulivyokuwa utu wema.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu ya leo. Mwaka ule ule wa 1983, wakati mpaka unafunguliwa, wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika nchi yetu waligunduliwa mkoani Kagera. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Bara ilikwisha kuripoti wagonjwa. Tabia iliyozaliwa na uhaba, na iliyotukuzwa kama ujirani mwema, ikageuka hatari. Ni kweli kwamba Ukimwi huenea zaidi kwa njia ya kujamiiana, na tusidanganyane juu ya hilo. Lakini damu ni damu, na wembe uliotoka kwenye ngozi ya mmoja ukaingia kwenye ngozi ya mwingine hauna mjadala. Mabango ya zahanati yakaanza kuchora wembe kando ya sindano: usichangie.

Wazee wa huku mlimani wanastahili sifa zao. Katika jando la vijana, mahali ambapo zamani kisu kimoja kilipita kwa vijana wengi waliopanga mstari, ilikubalika pole pole kwamba kila kijana awe na wembe wake mpya, unaofunguliwa mbele ya macho ya baba yake. Mila haikuvunjika kwa hilo. Aidha wakunga wa jadi walifundishwa kwamba kitovu kikatwe kwa wembe mpya na si kwa kitu kingine chochote, kwa sababu ya pepopunda, ugonjwa uliokuwa ukiua watoto wachanga kabla hawajatimiza majuma mawili. Mama mjamzito anayeambiwa afungashe wembe kwenye mfuko wake pamoja na glovu na uzi anabeba historia hiyo yote bila kujua. Wembe mmoja, bei ya pipi chache, umeokoa watoto wengi.

Lakini nisije nikausifu wembe kupita kiasi. Upo upande ambao wembe mpya haujasaidia kitu, nao ni ukeketaji wa wasichana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu wa Arusha wanawake 41 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 10. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 15. Nimewahi kusikia watu wazima, wenye akili zao, wakijitetea kwamba siku hizi kila binti anatumiwa wembe wake, hivyo hakuna tena ubaya. Hebu tujiulize, tangu lini usafi wa chombo ukasafisha tendo? Kwa kijana wa kiume wembe mpya uliondoa hatari katika mila. Kwa binti, madhara hayako kwenye kutu ya wembe. Yako kwenye mkato wenyewe. Kuna msemo mitaani, wembe ni ule ule, yaani kilichomnyoa yule ndicho kitakachokunyoa wewe. Kwa mabinti hawa msemo huo si wa mzaha.

Sasa nirudi kwa wasikilizaji wangu wa Ngaramtoni na Usa River, maana nimewaahidi jibu.

Nyembe za makali mawili zilizoko madukani, ziwe Gillette, Nacet, Topaz au nyinginezo, zina umbo moja. Upana ni kama milimita 22, urefu kama 43, na unene ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Lile tundu refu la katikati nalo limekuwa la namna moja tangu miaka ya 1930, ndiyo maana wembe wowote unaingia kwenye kishikio chochote. Uhuru huo mwenye wembe wa plastiki hana, kwani kichwa cha kampuni hii hakiingii kwenye mpini wa kampuni ile. Tofauti basi iko kwenye chuma, kwenye namna kilivyochomwa na kupozwa, na kwenye utando wa ukingoni. Wa chuma cha kaboni hukata vizuri lakini hauna subira na maji. Wa chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi. Ukiona wembe wa bei ndogo kuliko zote unashika kutu baada ya siku moja, umekwisha kujieleza wenyewe, usiubembeleze.

Kwa nini wembe wa chuma ushindwe na unywele, kitu ambacho ni laini kuliko chuma mara 50 hivi? Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, kule kule upande wa Boston, wakiongozwa na Profesa Cem Tasan, walichapisha jibu katika jarida la Science. Walinyoa chini ya darubini yenye nguvu na kuona kwamba wembe hausagiki tu kama wengi tulivyodhani, bali humeguka. Unywele unapojipinda mbele ya ukingo, na penye udhaifu kwenye chuma, kipande kidogo sana hubanduka. Mapengo hayo yakiwa mengi, wembe unaanza kuvuta badala ya kukata.

Ndipo tunarudi kwa wahenga. Nywele zikikaa na maji ya vuguvugu kama dakika mbili hivi hunywa maji, huvimba na kulainika, na nguvu ya kuzikata hupungua sana. Kwa hiyo methali yetu haikukosea: zako tia maji. Tia na povu la sabuni, fuata ulalo wa ndevu, usikandamize. Mwenye ndevu za kipilipili kama zetu asikimbilie makali matano. Makali mengi yamepangwa ili la kwanza livute unywele na la pili liukate chini ya usawa wa ngozi. Kwa mwenye nywele zilizonyooka ni sawa. Kwetu sisi unywele huo unapoota tena hujikunja ukachoma ngozi kutoka ndani, na hivyo ndivyo vipele vya ndevu vinavyowasumbua vijana wetu. Ukali mmoja wa wembe wa kawaida, kwenye kishikio chake, hukata sawasawa na ngozi na kuishia hapo. Kwa maana hiyo kitu cha mwaka 1903 kinamfaa Mwafrika wa leo kuliko vingi vilivyokuja baadaye.

Lakini wengi wetu wa mjini hatujinyoi. Tunakwenda saluni. Arusha ni mji wa vinyozi, na sifa hiyo imevuka bahari, kwani mtaalamu wa Kimarekani Brad Weiss aliandika kitabu kizima juu ya saluni za kiume za mji huu na vijana wake, kikatoka mwaka 2009. Aliona mabango yenye picha za wanamuziki na majina ya mitaa ya ng'ambo, akaona jinsi kijana asiye na kazi anavyojenga heshima yake kwenye kiti cha kinyozi. Mimi naomba tuangalie kitu kidogo zaidi, kilichoko mkononi mwa kinyozi mwenyewe.

Siku hizi mashine ya umeme hunyoa nywele, na wembe hubaki kwa ajili ya kuchonga pembe za paji la uso na ndevu. Kinyozi huchukua wembe wa makali mawili, akauvunja katikati ungali kwenye karatasi yake, na kuipachika nusu moja kwenye mpini. Mbinu nzuri na ya kubana matumizi: wembe mmoja, wateja wawili. Swali ni hili: ile nusu iliyoko kwenye mpini wakati unakaa, ni ya nani? Kinyozi mmoja wa Kaloleni alinijibu kwa kicheko nilipomuuliza, "Kaka, ukiniambia nivunje mpya, navunja. Usiponiambia, najua huna wasiwasi." Jibu hilo lilinikera, lakini lina ukweli wake. Tunaona haya kumuuliza kinyozi, kama baba zetu walivyoona haya kumnyima jirani.

Haya hiyo ina gharama. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi kwenye kitu kikavu kwa siku 7 au zaidi, na tone la damu lisiloonekana kwa macho linatosha. Watoto wetu wanachanjwa dhidi yake, chanjo hiyo ikiwa imeingizwa katika utaratibu wa taifa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo wengi hatukuipata. Na sisi ndio tunaokaa kwenye viti vile kila Jumamosi.

Kwa hiyo, wembe upi ni bora? Jibu langu ni hili. Chagua wa chuma kisichoshika kutu, lowesha ndevu zako, na utumie chapa ambayo ngozi yako imeizoea, kwani ngozi hazifanani. Lakini sifa ya kwanza ya wembe bora haiandikwi kwenye karatasi yake. Ni kwamba una mwenyewe mmoja. Saluni, mwambie kinyozi avunje mpya mbele yako, na umlipe ile sarafu ya ziada bila kunung'unika. Au nenda na wako mfukoni. Na ukiisha kuutumia, usiutupe jalalani wala shambani ambako mtoto au mzoa taka ataukuta kwa kidole. Uweke kwenye kopo la bati lenye mfuniko mpaka lijae.

Baba zetu waligawana wembe kwa sababu haukuwepo. Walikuwa na udhuru. Leo kila duka la Ngarenaro, Kijenge na Tengeru lina boksi zima juu ya kaunta. Udhuru huo umekwisha, na haya peke yake si sababu ya mtu kuugua ini.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane tena juma lijalo, majaaliwa.